Digrii ya Mageti Thelathini na Sita

Waraka ulibandikwa kwenye mlango wa chumba cha chanjo, chini ya tangazo la zamani linalokataza kutema mate. Aliyebandika alijua anachofanya. Ukishamaliza kuusoma, tangazo la juu linakukumbusha ujizuie.

Ulisema, kwa Kiswahili kile cha ofisini ambacho hakuna mtu aliyezaliwa nacho, kwamba kuanzia mwaka ujao kila mwelimishaji wa afya wa kituo awe na shahada ya elimu ya afya ya jamii, au awe amejiunga na chuo kuitafuta. Atakayejiunga atabaki kazini, na akihitimu atapandishwa daraja. Asiyejiunga "atapangiwa majukumu ya kujitolea."

Hebu rudia hapo. Anapangiwa kujitolea. Ni sawa na kumkaba mtu koo akupe zawadi, halafu umnunie kwa kuwa hakuifunga na utepe.

Kituo kizima kilikuwa na mwelimishaji wa afya mmoja. Kwa hiyo waraka ulikuwa wake peke yake, ila ulikosa adabu ya kumtaja.

Mtaani wanamwita Mama Nawa. Watoto wakimwona tu, hupiga kelele "Nawa!" naye bila kugeuka hujibu "Kwa sabuni!" na kuendelea na safari yake. Ana cheti kimoja, kipaza sauti cha betri kinachokoroma kama mzee mwenye mafua, na umri wa miaka arobaini. Kazi yake ni kufunua mapipa ya maji ya watu kutafuta viluwiluwi, kuwabembeleza wanaume wapime presha, na kuzungumza habari za choo mbele ya watu wanaokula na bado akakaribishwa chakula. Hiyo ya mwisho haifundishwi chuoni.

Chuo chenyewe kilikuwa kimoja tu karibu, ghorofa mbili juu ya duka la mabati, na kozi hiyo ilisomwa jioni na Jumamosi kwa miaka mitatu. Mhadhiri wa Jumamosi alikuwa nani? Mkuu wa kituo. Mkono wake wa kulia ulisaini waraka, wa kushoto ukashika chaki. Mama Nawa alipomuuliza kama hilo ni sawa, mkuu alimpa tabasamu lile la mtu anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Elimu haina mwisho, mama."

"Mshahara wangu ndio wenye mwisho, mkuu. Unaishia tarehe kumi."

Nyumbani alimkuta mumewe bandani. Banda liko mbele ya nyumba, limejaa vipande vya chuma, na katikati limekaa jenereta la manjano na mashine ya kuchomelea. Mumewe ni Fundi; hata mama yake mzazi anamwita Fundi. Umeme ukikatika, mafundi wengine mtaani hukaa wakitazamana, yeye anavuta kamba na kazi inaendelea. Ndiyo maana watu wanamjia.

Fundi ana ugonjwa mmoja: kila kitu anakihesabu kwa mageti. Sare za shule ni robo geti. Jino lake lililong'olewa lilikuwa nusu geti, na bado analilalamikia.

Mkewe alimsomea karatasi ya ada. Fundi akafunga jicho moja.

"Mwaka mmoja ni mageti kumi na mawili."

"Yenye maua au ya kawaida?"

"Ya kawaida. Ya maua ni manane, lakini nani siku hizi anataka maua? Miaka mitatu, thelathini na sita. Haya, na ukishapanda daraja wanakuongeza nini?"

Mama Nawa akamwambia.

Fundi akafungua lile jicho. "Hiyo ni dirisha moja kwa mwezi. Grili tupu, bila rangi."

"Geti moja ni madirisha mangapi?"

"Matano."

Kila mmoja akazidisha kimoyomoyo, na wote wakafika pamoja mahali ambapo hakuna aliyetaka kufika. Madirisha mia na themanini. Miaka kumi na mitano ya kurudisha tu kilichotoka.

"Nitamaliza nikiwa na arobaini na mitatu," alisema Mama Nawa. "Jumlisha kumi na mitano."

"Hamsini na minane."

"Na kustaafu ni sitini."

"Basi!" Fundi akapiga paja. "Miaka miwili ni faida tupu!"

Alisema kweli, na ndicho kilichokuwa kinachekesha, na ndicho kilichomfanya mkewe atamani kumrushia nyundo. Lakini upande wa pili ulikuwa nini? Asiposoma, mshahara wote unakwenda, na mshahara ule mdogo ndio unaolipa shule ya watoto wawili. Waliomwandikia waraka walijua. Hawakumpa njia mbili achague. Walimpa mashimo mawili na kumwambia chagua lenye jina zuri.

Siku ya pili akaja shangazi yake Fundi, mwanamke anayeingia nyumbani kwa watu sauti ikiwa imemtangulia kwa nyumba tatu.

"Mke wetu! Nimesikia unakwenda chuo kikuu. Ukoo huu mzima hatuna digrii hata ya kuazima!"

"Bado tunapiga hesabu, shangazi."

"Hesabu ya nini? Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Mimi nimeinama miaka kumi na sita, shangazi. Sasa wanataka nilale kabisa."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema lile alilolijia: amempata mtu wa kununua jenereta na mashine ya kuchomelea, vyote pamoja, kwa bei ya mageti kumi na matano. Mwaka wa kwanza umelipika, na chenji ya kuanzia wa pili. Kinachobaki kitakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo. Fundi atafute kibarua kwa mafundi wenzake. Mnunuzi atakuja Jumamosi, maana chuo kinataka ada kufikia Jumatatu.

Mama Nawa alimtazama mumewe akitegemea atakataa. Fundi alikuwa ameshaitikia kwa kichwa, tena haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja aulizwe.

Ijumaa asubuhi watu wa chuo walikuja kituoni. Walitundika bango kubwa barazani, pale wagonjwa wanaposubiri, na wagonjwa wakaambiwa wavumilie. Mzee mwenye kikohozi alisogezwa pembeni kwa sababu alikuwa anaharibu hotuba. Msemaji alivaa suti ya vipande vitatu kwenye joto lile. Wafagizi wakambatiza jina la Suti kabla hajafungua mdomo.

"Ndugu zangu, digrii ya elimu ya afya ya jamii ni uwekezaji," alisema Suti. "Wahitimu wetu wanapata mara tatu ya mwenye cheti. Digrii hii inajilipa yenyewe!"

"Kama inajilipa yenyewe," alisema Mama Nawa kutoka kwenye benchi la nyuma, "mimi nimeitiwa nini?"

Baraza lote likaangua kicheko, hata mzee wa kikohozi. Suti akacheka pia, kicheko cha mtu anayepoteza mteja.

"Mama ana utani. Lakini msinisikilize mimi. Nimekuja na shuhuda."

Akasimama binti mmoja, kanyooka, viatu vinang'aa, meno kama ya kwenye tangazo la dawa ya meno. Akaeleza alivyokuwa hana mbele wala nyuma, akajiunga, akahitimu, na leo analipa kodi ya nyumba yake mwenyewe. Watu wakampigia makofi.

Mama Nawa hakupiga.

Maana yeye na mashuhuda wanajuana. Kila Jumanne, kwenye kliniki ya akina mama, humsimamisha shuhuda: mama mwenye mtoto aliyenona, mashavu yamefura, chanjo zote kamaliza. Anamtafuta wiki nzima. Anapita nyumba kwa nyumba akipima watoto kwa macho kama mnunuzi wa mbuzi. Mtoto aliyechanjwa vizuri lakini kakonda kwa sababu zake mwenyewe, huyo hasimamishwi. Mama aliyekesha na homa ya mtoto baada ya sindano, huyo hapewi kipaza sauti. Hakuna uongo hapo. Chanjo inafanya kazi kweli, na mtoto kanona kweli. Ila shuhuda hasemi uongo kamwe, shuhuda anachaguliwa. Ukitaka kujua habari kamili, usimwangalie aliyesimama. Waulize waliomchagua, wengine wamewaacha wapi.

Na yeye, anayeifanya kazi hiyo kila wiki, alikuwa ameshauza jenereta la mumewe moyoni kwa ajili ya maneno kama yale yake mwenyewe.

Akanyanyua mkono.

"Mwanangu, hongera sana. Unafanya kazi wapi?"

Binti akamtazama Suti kwanza. "Hapo hapo chuoni, mama."

"Unafundisha?"

"Hapana. Niko kitengo cha udahili."

"Maana yake?"

"Cha kuhamasisha watu... wajiunge."

Mfagizi mmoja, huku ameegemea ufagio, akasema taratibu, "Kumbe unasomea kuuza ulichonunua." Wagonjwa wakacheka tena, na Suti akaanza kugawa kalamu za bure kabla kicheko hakijaisha.

Mama Nawa hakuchukua kalamu. Alikwenda stoo, akamkuta kijana anayeitwa Msomi anakunja vyandarua. Mkuu alimleta miezi michache nyuma, akasema yuko mafunzoni. Anakunja vyandarua, anabeba maji, anaandika mabango yake Mama Nawa kwa mwandiko mzuri.

"Msomi, mafunzo yako yanaisha lini?"

"Mafunzo gani, dada?"

"Si uko mafunzoni?"

"Nilishahitimu. Nina elimu ya afya ya jamii." Akaelekeza kidevu barazani, bango lilikokuwa linakunjwa. "Kwa hao hao. Hapa najitolea. Mkuu alisema nafasi ikitokea atanikumbuka."

Mama Nawa akakaa juu ya furushi la vyandarua. "Na wenzako uliomaliza nao?"

"Mmoja anauza makava ya simu. Wawili wanafundisha chekechea, na hawafundishi afya, wanafundisha a, e, i, o, u. Yule aliyesimama leo alikuwa anakaa mbele yangu darasani. Tulimwonea wivu alipopata kazi." Akafikiri. "Yupo mmoja anapata vizuri sana, kwenye shirika. Mjomba wake..."

"Usimalize."

"Wala sikutaka kumaliza."

Hasira ilimpanda Mama Nawa kutoka miguuni, akasimama nayo. "Twende barazani sasa hivi. Kabla hawajaondoka. Simama pale, useme hayo hayo."

Msomi akaacha kukunja. "Dada, siwezi."

"Unaogopa Suti?"

"Namwogopa mkuu. Nikisimama pale nikasema digrii yangu haijanipa hata nauli, nani ataniajiri? Wewe ukishasema utarudi kwa mumeo. Mimi nitarudi kwa mama yangu aliyeuza shamba."

Mama Nawa alitaka kumtukana. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni kama watu wa foleni ya dawa. Lakini aliutazama uso wa yule kijana, msafi, umenyolewa kwa wembe wa mara moja uliotumika mara nyingi, akayameza, na yakamchoma yaliposhuka. Huwezi kumlazimisha mtu kuwa shuhuda wa aibu yake. Ndiyo maana barazani wanasimama wenye meno mazuri peke yao.

Jumamosi alipotoka sokoni alikuta mkokoteni mlangoni. Mnunuzi, bwana mnene mwenye taulo shingoni, alikuwa ameshalizunguka jenereta na kulipiga kofi mgongoni kama ng'ombe. Shangazi alikuwa ameshika kikombe cha chai, anasimamia. Fundi alikuwa anafungua nati za mwisho.

Mama Nawa akaweka kapu chini, akaingia bandani, akakaa juu ya jenereta.

"Mama watoto," alisema Fundi, "unachafua nguo."

"Zitafuliwa. Siuzi."

"Mama, naomba unyanyuke," alisema mnunuzi. "Mkokoteni nimeukodi kwa saa."

"Na wewe nenda kanawe mikono, umeshika mashine ya watu."

Shangazi akaweka kikombe. "Mke wetu, una nini? Tulishakubaliana!"

"Shangazi, kwa heshima zote, tulikubaliana kama vichaa. Tumehesabu usiku na mchana kwa mageti. Ada mageti kumi na mawili, digrii mageti thelathini na sita. Mageti hayo yanachomelewa na nini? Yanachomelewa na hii niliyoikalia! Tunauza kuku ili tulipe deni la mayai!"

Mnunuzi akajifuta shingo na kuangalia pembeni. Hata shangazi alikosa methali.

Lakini Fundi hakuweka spana chini. Aliishika tu, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya utani hata kidogo.

"Ulikuwa na nafasi ya chuo," alisema. "Mwaka ule. Hela ya baba yako ya ada ndiyo tuliyonunulia jenereta hili. Nilikwambia nitairudisha mwakani. Mwakani, mwakani, mpaka watoto wawili. Watu wanakuja hapa bandani wananiambia, Fundi, mkeo ana akili za daktari, wewe umemfungia nje. Hujawahi kunidai hata siku moja. Hiyo ndiyo inayoniuma."

Hapo Mama Nawa alikasirika kuliko siku zote hizo. Waraka haukumkasirisha vile, wala Suti.

"Nani kakwambia mimi nilifungiwa? Nilikuwepo! Nilichagua kwa kichwa changu, na mashine imesomesha watoto wangu. Sasa unataka uniuzie hasara mpya ili wewe ulale vizuri? Ukitaka kunilipa, Fundi, nilipe kitu chenye thamani. Usinilipe karatasi ya mtu anayefundisha Jumamosi na kutufukuza Jumatatu!"

Alikuwa analia, na alichukia kwamba analia mbele ya mnunuzi.

Fundi akainama, akaanza kukaza nati alizokuwa amezifungua, moja baada ya nyingine, huku mkewe amekaa juu. Mnunuzi akaita mkokoteni wake. Shangazi akamaliza chai, maana chai haina ugomvi na mtu, akaondoka akisema ukoo huu utakufa na vyeti.

Mwaka ukaisha. Mkuu wa kituo alimwita Mama Nawa ofisini, akamkabidhi majukumu yake ya kujitolea.

"Kujitolea ni moyo, mama."

"Moyo ninao, mkuu. Ila nikiupeleka dukani hawaupokei."

Akakataa. Akarudisha koti, akarudisha kipaza sauti na betri zake mbili zilizobaki, akatoka. Siku zile alishika brashi bandani, anapaka mageti rangi, na ada ya shule ya watoto ilipatikana nusu tu. Ya pili waliiombea muda kwa mwalimu mkuu, wakasimama mlangoni kwake kama wakosaji. Hasara ilikuwepo. Asikudanganye mtu kwamba ukichagua vizuri hasara inakuogopa.

Mwezi haukuisha, Msomi akaja bandani. Amevaa koti la kituo, jipya, mikono mirefu kuliko mikono yake. Alisimama mbali na geti lililopakwa rangi, akatazama chini.

"Dada, wamenipa nafasi yako. Naomba usinichukie."

"Nikuchukie kwa kula? Hongera. Kaa." Akamsogezea ndoo iliyopinduliwa. "Haya niambie. Mara tatu ya cheti, enh? Suti alisema mara tatu."

Msomi hakukaa.

"Wamekupa shilingi ngapi wewe?" aliuliza Mama Nawa.

Akamwambia. Akarudia, kwa sababu mara ya kwanza Mama Nawa hakuamini masikio yake. Ulikuwa mshahara wake yeye. Ule ule, mpaka ile senti ya mwisho, bila hata dirisha moja juu. Mkuu alimweleza kwamba nafasi ni ya cheti, bajeti ni ya cheti, digrii ni sifa ya mwombaji, na daraja litapandishwa hali ikiruhusu.

Fundi alizima mashine.

"Kwa hiyo dirisha halikuwepo," alisema Mama Nawa polepole. "Ningesoma miaka mitatu, nikatoa mageti thelathini na sita, nikarudi kwenye kiti kile kile kwa hela ile ile."

"Nilisaini," alisema Msomi. "Mama yangu alilia kwa furaha. Ningefanyaje?"

"Ungesaini. Hata mimi ningesaini." Alichovya brashi kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa nguvu mpaka mikono ikawa myekundu ya rangi na ya kusugua. "Waraka unasema akihitimu atapandishwa. Wewe umehitimu. Umewadai?"

"Nimdai mkuu?"

"Mimi waliniogopesha nikaondoka kwa miguu yangu, sina la kudai pale. Wewe unalo, na limeandikwa kwa saini yake."

"Peke yangu siwezi, dada."

"Nani kasema peke yako?"

Walikwenda Jumatatu. Wafagizi waliwaona wakipita na kuacha kufagia. Kwenye baraza mtoto mmoja akaita "Nawa!" na kwa mara ya kwanza hakujibiwa. Mlango wa mkuu ulikuwa umefungwa, na ndani ilisikika sauti yake kwenye simu, inacheka.

Msomi alirudi nyuma hatua. Mama Nawa akamshika mkono wa koti, akamvuta mbele, akanyanyua ngumi yenye rangi nyekundu ya geti la mtu, na akagonga. Hakugonga kama wagongavyo waombaji. Kicheko cha ndani kikakatika.